Mfarishi wa viraka wa kwanza: dalili unazoziona na kitambaa kilichozileta

Mshono umejikunja. Nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Viraka vilivyokatwa kwa kipimo kimoja vinakataa kukutana pembe kwa pembe. Anayeshona mfarishi wa kwanza, yaani tandiko la matabaka matatu lenye uso wa viraka, tabaka la kati na mgongo, huanza kuilaumu cherehani, akimaliza huulaumu mkono wake, na mara nyingi vyote viwili havina kosa. Tatizo lilinunuliwa dukani pamoja na kitambaa, likaja nyumbani ndani ya mfuko uleule, likasubiri siku ya kufuliwa.

Vipimo vya hapa ni vya mfarishi mdogo wa kitanda cha mtoto: viraka 80, yaani safu 10 za viraka 8. Kila kiraka hukatwa inchi 5 kwa 5, mshono unakula robo inchi kila upande, kinabaki inchi 4½. Uso mzima unatoka inchi 36 kwa 45. Kitambaa chenye upana wa inchi 44 hutoa viraka 24 kwa nusu yadi, kwa hiyo aina tano za nusu yadi zinakupa viraka 120: themanini vya kazi na arobaini vya makosa. Usione ni vingi. Shika inchi mwanzo hadi mwisho. Futi ya fundi ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na anayeshona milimita 6 akidhani ndiyo robo inchi ataikuta safu yake ya viraka 8 imezidi kwa karibu nusu sentimita.

Rangi imechuja na kuchafua viraka vya jirani

Ni rangi ya ziada ambayo haikushika kwenye nyuzi kiwandani. Za kwanza kushukiwa ni nyekundu, zambarau, buluu iliyokoza na nyeusi. Kaniki mpya nayo usiipangie kukaa jirani na nyeupe kabla hujaipima.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Kata kipande cha inchi 4, kitie kwenye bilauri ya maji ya moto yenye sabuni ya unga kidogo, na ndani yake uweke kipande cha bafta nyeupe. Acha nusu saa. Maji yakibadilika rangi usihukumu bado, tazama bafta. Ikitoka nyeupe, kitambaa kinafaa hata kama maji yamekuwa kama ya rosela. Ikitoka na waridi, fua kitambaa chote peke yake kwa maji ya moto, suuza, upime tena. Kikifika mara ya nne bado kinapaka, kitafutie kazi nyingine, au kiingie kwenye mfarishi wa rangi za giza tupu.

Utaambiwa uloweke kwenye chumvi au siki ili rangi "ishike". Chumvi husaidia wakati wa kutia rangi, ikiwa bado imo kwenye maji inaingia kwenye nyuzi. Kitambaa kilichokwisha kutoka kiwandani haikifanyii kitu. Siki inakwenda na rangi za sufu na hariri, si za pamba. Unapofua kwa maji yenye chumvi kisha nguo ikaacha kuchuja, kilichofanya kazi ni kule kufua.

Kama mfarishi umeshachafuka, jambo kubwa ni usikauke. Usiuanike, usiupige pasi. Chukua beseni kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, ujaze maji ya moto ambayo mkono hauwezi kukaa ndani (karibu nyuzi joto 60), tia sabuni ya unga nyingi, uuzamishe wote pasiwe na sehemu inayoelea, uuache usiku kucha. Sabuni huishikilia rangi ndani ya maji isirudi kutua kwenye nyeupe, lakini yahitaji maji mengi. Kwenye ndoo ndogo rangi haina pa kwenda. Asubuhi maji yakiwa bado na rangi, yamwage, anza upya. Jiki isiguse: itaondoa doa na mchoro pamoja, na pamba itadhoofika.

Ikiwa rangi haikuchuja ila imefifia upande mmoja tu, hilo ni jua. Anika kivulini, uso ukiwa ndani.

Viraka vimekatwa mraba, lakini safu imepinda

Hapa ndipo kanga inapowashinda wengi, nayo ndiyo kitambaa rahisi kupata Unguja na Pemba.

Kitambaa kilichofumwa kina mtande, nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio, zinazokatisha upana. Kuvuta kwa mtande hakuleti kitu, kwa mshindio kunanyumbuka kidogo, na kwa mshazari, yaani kutoka pembe hadi pembe, kunavutika kama mpira. Kiraka ambacho kingo zake zinafuata uzi hubaki mraba. Ambacho kingo zake zimekaa mshazari hata kidogo, kinarefuka mkononi, kinarefuka chini ya pasi, na kinarefuka tena chini ya guu la cherehani.

Sasa, mchoro wa kanga umechapwa juu ya kitambaa, haukufumwa. Pindo linaweza kuwa limenyooka machoni na lisifuate uzi hata mmoja. Ukikata kwa kufuata pindo, umekata mshazari bila kujua. Kikoi ni kinyume chake: mistari yake imefumwa kwa nyuzi za rangi, kwa hiyo ukifuata mstari umefuata uzi. Tatizo la kikoi ni uzito wake, tutalifikia.

Namna ya kuupata uzi wa kweli: piga mkato wa nusu inchi kwa mkasi kwenye ukingo, kisha chana kwa mikono. Pamba ya ufumaji wa kawaida huchanika ikifuata uzi mmoja hadi ng'ambo. Mchaniko huo ndio mstari wa kuanzia. Ulinganishe na pindo. Tofauti ikiwa chini ya nusu inchi kwa upana wote, endelea. Ikizidi, lowesha kanga, watu wawili washike pembe mbili zinazotazamana, zile ambazo kitambaa kimepungukiwa, wavute taratibu, kisha ipigwe pasi ikiwa na unyevu. Isipokubali, kata kwa uzi na uache mchoro uinamie upande. Kwenye maua na korosho hakuna jicho litakalogundua. Kwenye mistari na vyumba vya mraba atagundua kila mgeni, kwa hiyo kitambaa cha aina hiyo kilichochapwa vibaya kirudishe kwenye rafu kabla hujalipa.

Ondoa pia ule ukingo wa kiwandani, nusu inchi kila upande. Umefumwa kwa kubanwa na ukifuliwa hurudi zaidi ya kitambaa kilichobaki, ukivuta kiraka nao.

Sababu mbili nyingine za dalili hii ziko nje ya duka. Pasi isisukumwe kama ya kupigia kanzu; mfarishi unataka pasi ibonyezwe, inyanyuliwe, ihamishwe. Na kitambaa chembamba kikikataa kutulia, kitie kanji kabla ya kukata: kijiko kimoja cha chakula cha unga laini wa muhogo, ukorogwe kwenye maji baridi kidogo, umiminwe ndani ya nusu lita ya maji yanayochemka, uchujwe. Lowesha, kamua, piga pasi kikiwa na unyevunyevu. Kitakuwa kama karatasi na kitakatika kwa rula. Kumbuka tu kuifua kanji yote mwisho wa kazi, kwani mende wanaijua.

Ikiwa kiraka kinavutika kila upande na hakina mtande wala mshindio wa kuonekana, hicho kimefumwa kwa vitanzi kama fulana. Mitumba imejaa vitambaa hivyo, vizuri kwa macho. Mfarishi wa kwanza hauwezani navyo.

Umefuliwa mara moja ukajikunja kama ngozi ya embe bivu

Pamba hurudi ikifuliwa. Poplini na vitenge vya pamba hupungua asilimia 3 hadi 5. Marekani, ile pamba isiyong'arishwa, ambayo haijaguswa na maji inaweza kufika asilimia 10: mgongo wa inchi 51 unapoteza inchi 5 nzima. Tetroni, kwa kuwa nusu yake au zaidi ni poliesta, karibu hairudi kabisa. Ukishona vitatu hivi pamoja bila kuvifua, baada ya kufua kila kimoja kinakwenda zake, na mshono ulioko katikati ndio unaojikunja.

Dawa ni kufua vyote kabla ya kukata. Kata ncha ndogo ya mshazari kwenye kila pembe ya kitambaa ili nyuzi zisichomoke ovyo, loweka saa moja kwenye maji ya moto, kausha, piga pasi, ndipo upime. Mahesabu ya mwanzo yameacha nafasi hiyo: nusu yadi ni inchi 18, ikirudi asilimia 5 inabaki kidogo juu ya 17, na mikanda mitatu ya inchi 5 inataka 15.

Marekani yenyewe, kwa anayeuliza, ilipata jina kwa sababu katika karne ya 19 pamba hiyo isiyong'arishwa ilikuja Zanzibar kwa meli za wafanyabiashara wa Marekani, wengi wao wa Salem, Massachusetts. Inafaa sana kwa mgongo, mradi ifuliwe mara mbili kwanza.

Kitambaa kinateleza, hakishiki mkunjo, au kimeng'aa chini ya pasi

Umeuziwa poliesta. Muuzaji huenda hakudanganya. Kitenge cha pamba na cha poliesta hukaa rafu moja, mchoro mmoja, na kila kimoja huitwa kitenge. Ukiwa bado dukani, bana kitambaa ngumini ukihesabu mpaka kumi. Pamba hutoka na mikunjo. Poliesta hutoka kama haikuguswa.

Nyumbani, choma uzi mmoja mmoja juu ya sahani, mbali na vitambaa vingine. Pamba huwaka kwa mwali wa manjano, hunuka karatasi, huacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja na kuyeyuka, huacha punje ngumu nyeusi ambayo haisagiki kwa vidole. Tetroni hufanya yote mawili: inawaka, kisha inaacha vipunje. Masalio ya sare za skuli na ya kanzu kwa fundi mara nyingi ni tetroni, na si vitambaa vibaya. Vinakubali kukatwa na havipauki upesi. Tumia tetroni na tetroni, pasi ya wastani.

Moto una kasoro moja: hautenganishi pamba na reyoni, ile ya madera laini yanayomwagika mwilini. Zote mbili hunuka karatasi. Lowesha uzi, uvute. Uzi wa pamba ukilowa huongeza nguvu, wa reyoni hudhoofika na kukatika kwa wepesi. Reyoni iache kwenye dera. Vivyo hivyo vitambaa vya mabuibui, satini na shifoni.

Nyuzi zinachomoka na mshono umeanza kufunguka

Robo inchi ni kidogo. Kitambaa chenye ufumaji wa wazi kinachomoka nyuzi mpaka mshono hauna cha kushika. Melimeli na doria ziko hapa, na pia kile kitambaa cha bei rahisi kinachoonekana kizito dukani kumbe kimejazwa kanji. Kisugue kwa nguvu baina ya vidole: unga mweupe ukitoka na kitambaa kikalegea, uzito ulioununua ni wa kanji. Kisha kiinue kwenye mwanga. Ukiona vitundu kama vya chekeche, achana nacho. Mwenye macho mazuri na ahesabu: nyuzi 24 au zaidi kwa sentimita moja, kila upande, ndicho kitambaa cha viraka.

Shuka za mitumba zina mtego wa namna nyingine, nao ni uzee. Shika kitambaa kwa dole gumba za mikono miwili, vuta kwa kishindo katikati, pale watu walipolalia. Kikitoa sauti ya kuchanika, hakifai hata kama rangi ni nzuri.

Kwa kilichokwisha kukatwa, punguza hatua ya mshono iwe milimita 2 na ongeza posho, kile kitambaa kinachobaki nje ya mshono, iwe inchi ⅜. Kiraka kitakuwa inchi 4¼, na vingine vyote lazima vifuate, la sivyo umerudi kwenye safu zilizopinda.

Sindano inaruka hatua au inavunjika

Vitambaa vizito au vilivyobanwa sana: jinzi, drili, kikoi kinene, shuka za hoteli zenye nyuzi nyingi. Sindano namba 14 ndiyo ya viraka vya kawaida. Shuka zilizobanwa zinataka mpya kabisa, na jinzi namba 16. Lakini kubadili sindano hakuondoi shida ya pili, kwamba kiraka kizito kinavuta chepesi na pembe hazikutani. Ukikitaka kikoi, fanya mfarishi wa vikoi vitupu.

Kila kitambaa kizuri peke yake, vikikaa pamoja ni tope

Hili halitokani na rangi. Linatokana na mwanga na giza. Nyekundu, kijani na buluu za ukali mmoja zikipangwa pamoja, jicho linakosa pa kutua. Panga vitambaa vitano juu ya meza ya muuzaji, vipige picha kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Vikitoka vyote kijivu kimoja, hata viraka 80 havitaonekana ni viraka. Kwa mfarishi wa kwanza tunapendekeza viwili vya giza, kimoja cha kati, viwili vyeupe au vinavyokaribia. Hicho cha kati ndicho kinachopuuzwa, kwa kuwa hakivutii kwenye rafu.

Sababu ya pili ni ukubwa wa mchoro. Nanasi la kanga lenye kimo cha inchi 10 likikatwa kwa inchi 5 halibaki nanasi. Kata tundu la mraba la inchi 4½ kwenye karatasi nene, nenda nalo dukani, ulilaze juu ya kitambaa sehemu tano tofauti. Unachokiona ndani ya tundu ndicho utakachokipata. Mji wa kanga wenye vidoto au korosho ndogo hutoa viraka vizuri, na pindo huweza kukatwa peke yake kwa mikanda ya ukingo.

Halafu kuna jina. Maandishi ya kanga yakipitiwa na mkasi husema mengine: SINA WASIWASI ikipoteza herufi mbili za mwanzo inabaki na wasiwasi. Watu hupendezwa na vipande vya herufi kwenye viraka, ila soma kila kiraka kabla ya kushona, hasa mfarishi ukiwa ni zawadi ya harusi. Njia salama zaidi ni kuliweka jina zima mgongoni. Kanga moja ni takriban inchi 43 kwa 59. Ikirudi baada ya kufuliwa bado inatosha mgongo wa inchi 40 kwa 49, wenye inchi 2 za ziada kila upande. Punguza kwenye ncha, jina la katikati halitaguswa.

Vivuli vya giza chini ya viraka vyeupe

Posho ya kitambaa cheusi inaonekana kupitia cheupe. Ilaze kwa pasi upande wa cheusi. Ikionekana bado, cheupe ni chepesi mno. Kishone mara mbili na bafta.

Mfarishi ni mzito, una joto, au unanuka uvundo

Miongozo mingi imeandikwa kwa nchi za baridi, ambako tabaka la kati ni pamba nene. Hapa tabaka hilo liwe jembamba: shuka kuukuu ya pamba iliyo nzima, bafta, au blanketi jepesi la pamba lililofuliwa. Sufi ya mto haifai. Haishikani yenyewe, na ukifua inajikusanya mabonge kwenye pembe. Sponji ya godoro hata usiijaribu. Pamba ya nailoni inayouzwa kwa mita inakauka haraka, na kwa hilo tu inasameheka joto lake.

Piga bandi matabaka yote matatu kwanza, mishono ya mkono kila inchi 4, ukianzia katikati kwenda nje. Ndipo ushone mistari ya kudumu isiyopishana zaidi ya inchi 4. Ikipishana zaidi, tabaka la kati linatembea.

Uvundo unatokana na kukunja mfarishi ukiwa na unyevu ambao mkono hauusikii. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mfarishi mnene unaweza kuonekana mkavu nje na ndani bado ni mbichi. Uanike juu ya kamba mbili badala ya moja ili upepo upite katikati, na ugeuze. Madoa meusi ya kuvu yakishaingia kwenye pamba hayatoki yote.

Kitambaa kimekwisha kabla ya kazi

Mchoro wa kanga ukiisha dukani usitegemee kuukuta tena, na jora jingine la rangi ileile linaweza kuwa limekoza zaidi. Kinachosahauliwa ni utepe wa ukingo: mzunguko ni inchi 162, ongeza 12 za pembe na viungio, unahitaji mikanda mitano ya inchi 2½ kwa upana wa 44. Hiyo ni nusu yadi nyingine, inunuliwe siku hiyohiyo. Aliyeko Wete au Mkoani aliyefuata vitambaa Mchangani, Mjini Unguja, anunue kila aina robo yadi zaidi ya hesabu, kwa sababu nauli ya boti ya kufuata viraka vinne inazidi bei ya kitambaa chenyewe. Na kikipungua hata hivyo, usitafute kinachofanana karibu. Tafuta kilicho tofauti waziwazi, ukitawanye kwenye safu zote kuanzia ya kwanza, kabla safu hazijaunganishwa.